Lang'ata: Kiti cha Karen na Kibera

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Kenya ikapandishwa katika uwanja ambao leo unaitwa Uhuru Gardens, kando ya barabara ya Lang'ata jijini Nairobi. Ukiifuata barabara hiyohiyo kuelekea Karen utafika Bomas of Kenya, mahali ambapo matokeo ya uchaguzi wa urais ya 2013, 2017 na 2022 yalisomewa taifa. Sehemu zote mbili zimo ndani ya Lang'ata, eneo bunge lililompeleka bungeni Mnubi, kisha Mkikuyu, kisha Mzungu, kisha Mjaluo aliyekikalia kiti chake kwa miaka ishirini, na baadaye mtangazaji wa redio.

Orodha hiyo huwafanya wengi waisimulie siasa ya Lang'ata kama hadithi ya makabila, au hadithi ya mtu mmoja, Raila Odinga. Ukabila umo, na Raila yumo. Lakini chini ya hayo kuna jambo lililotangulia: nani aliruhusiwa kuishi wapi, kwa kibali cha nani, na kodi ya nyumba alimlipa nani. Kura za Lang'ata zimeufuata mpango wa makazi hatua kwa hatua.

Ardhi kabla ya kura

Wakoloni walipoigawa Nairobi, waliigawa kwa rangi. Upande wa magharibi, penye ubaridi na udongo mzuri, walijitengea wenyewe. Shamba la kahawa la Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, lilipouzwa mwaka 1931 baada ya hasara za muda mrefu, lilikatwa viwanja vikubwa na kugeuka mtaa wa makazi wa Wazungu. Mitaa ya Karen na Lang'ata ikawa ya nyumba moja katikati ya ekari kadhaa, farasi zizini na ua wa miti mbele ya lango.

Kilomita chache tu kutoka hapo palikuwa na msitu ambao serikali iliwakabidhi askari Wanubi. Hawa walikuwa watu wenye asili ya Sudan, waliopigana katika jeshi la King's African Rifles. Walipomaliza utumishi hawakupewa pensheni ya maana. Walipewa ruhusa ya kujenga na kulima Kibera. Eneo lao lilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Lakini ruhusa haikuwa hati. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji wake, watu wanaoweza kuondolewa wakati wowote, na kwa miongo mingi ilijaribu mara kwa mara kuwahamisha. Wanubi walikaa, wakajenga misikiti, wakazika wafu wao, wakazaa vizazi vilivyojiita wenyeji wa Kibera.

Uhuru ulipokuja, vikwazo vya kuhamia mjini viliondoka. Wafanyakazi walimiminika Nairobi kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na Mkoa wa Kati, na nyumba za kuwatosha hazikuwapo. Kibera ilikuwa karibu na eneo la viwanda na karibu na majumba ya Karen yaliyohitaji wapishi, watunza bustani na walinzi. Wanubi waliongeza vyumba uani na kupangisha. Wakafuata wajenzi wengine, wengi wao wakiwa na uhusiano mzuri na machifu na maofisa wa utawala, waliopata vibali vya kujenga mabanda juu ya ardhi ambayo kisheria ilibaki ya serikali. Hapo ndipo palipoanza mpangilio utakaoitawala siasa ya Lang'ata: wenye nyumba wachache wasio na hati, wapangaji wengi wasio na sauti, na ng'ambo ya pili matajiri wenye hati zote. Serikali nayo ikaendelea kumega ardhi ya Kibera kwa ajili ya mitaa ya nyumba za watu wa kipato cha kati.

Mnubi wa 1969

Uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya uhuru ulifanyika Desemba 1969, katika mwaka mchungu. Tom Mboya, mbunge mwenye nguvu kuliko wote jijini, aliuawa kwa risasi tarehe 5 Julai. Mwezi Oktoba vurugu na umwagaji damu vilitokea Kisumu wakati wa ziara ya Rais Jomo Kenyatta, na siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU, kilichoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga, kikapigwa marufuku. Chama tawala, KANU, kikabaki peke yake. Kwa hiyo mchujo wa KANU ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe: aliyeshinda mchujo alikwenda bungeni bila kupingwa.

Katika Lang'ata aliyeshinda alikuwa Yunis Ali, Mnubi. Kwa jamii ndogo ambayo serikali ilisita hata kuitambua kuwa ya Kenya, ushindi huo ulikuwa jambo kubwa. Ulionyesha pia kuwa mwishoni mwa miaka ya sitini Kibera ilikuwa bado mikononi mwa wazee wake wa asili. Mwenye nyumba alikuwa na heshima, na wapangaji wengi walihesabu nyumbani kwao ni kijijini.

Miongoni mwa walioshindwa mwaka huo alikuwamo kijana mfanyabiashara aliyesoma Marekani, Mwangi Mathai. Alikosa kiti kwa kura chache, akarudi kujipanga.

Ahadi iliyozaa miti

Mathai alishinda mwaka 1974. Kampeni yake inakumbukwa hadi leo kwa sababu ya mkewe, Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Katika mikutano ya kampeni Mathai aliahidi ajira. Ni ahadi ambayo kila mgombea huitoa, na baada ya ushindi huachwa ifie njiani. Wangari aliichukua kwa uzito. Aliwaza: watu waliompa mume wake kura watakuja kuuliza kazi ziko wapi, nao watajibiwa nini? Akaanzisha kampuni ndogo iliyoitwa Envirocare. Wazo lake liliunganisha pande mbili za eneo bunge. Maskini wa Lang'ata wangelipwa kupanda miti na kutunza bustani, na matajiri wenye viwanja vikubwa wangelipia huduma hiyo. Alianzisha kitalu cha miche katika msitu wa Karura.

Kampuni ilikwama. Wateja hawakuwa tayari kulipa mapema, wafanyakazi hawakuwa na nauli ya kufika kazini, maji yakawa haba wakati wa ukame, na miche mingi ikanyauka. Lakini wazo la kumlipa mtu wa kawaida ili apande mti halikufa. Wangari alilipeleka katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na tarehe 5 Juni 1977 miti saba ikapandwa katika uwanja wa Kamukunji. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement, iliyomletea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Ni nadra ahadi ya jukwaani kuacha alama kubwa kiasi hicho. Hata hivyo, Envirocare ilifichua ukweli ambao kila mbunge wa Lang'ata baada ya hapo aliukuta ukimsubiri. Kuwaweka tajiri na maskini katika sanduku moja la kura ni rahisi, bali kuwafanya washirikiane ni kazi nyingine kabisa. Mbunge alihitaji kura za Kibera ili ashinde, na alihitaji fedha na utulivu wa Karen ili atende.

Mzungu wa KANU

Kenyatta alifariki Agosti 1978, na Daniel arap Moi akaitisha uchaguzi wake wa kwanza Novemba 1979. Lang'ata ilifanya jambo lililozungumzwa nje ya mipaka ya Kenya: ilimchagua Philip Leakey, kijana wa miaka 30, mtoto wa wanaakiolojia Louis na Mary Leakey, na mdogo wa Richard Leakey. Alikuwa Mzungu wa kwanza kushinda kiti cha ubunge kwa kura za wananchi tangu uhuru. Mathai alipoteza kiti mwaka uleule ndoa yake na Wangari ilipovunjwa mahakamani.

Wazungu wa Karen hawakuwa wengi kiasi cha kumchagua mbunge peke yao. Leakey alizaliwa Kenya na alizungumza Kiswahili bila kutafuta maneno, na aliomba kura Kibera kama alivyoomba Karen. Kwa wapangaji waliokuwa wameona wenye nyumba wakishindania kiti kwa zamu, mgombea asiyekuwa wa kabila lolote kubwa aliweza kuonekana nafuu. Kwa serikali ya Moi naye alikuwa ushahidi mzuri wa kuonyesha ulimwenguni kwamba Kenya haibagui. Aliteuliwa waziri msaidizi na akakishikilia kiti hadi 1992, baada ya kushinda tena katika chaguzi za 1983 na 1988.

Uchaguzi wa 1988 unahitaji maelezo yake, kwa sababu uliharibu imani ya wapiga kura nchi nzima. KANU iliamua kwamba katika mchujo wanachama wapange foleni nyuma ya mgombea au picha yake, wahesabiwe mchana kweupe. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa mbunge bila kupigiwa kura ya siri. Mlolongo huo ulimweka mpangaji mbele ya macho ya mwenye nyumba, mfanyakazi mbele ya mwajiri, na kila mtu mbele ya chifu. Mahali pengi foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu. Katika mtaa kama Kibera, ambako kibali cha kuishi kilitoka ofisini kwa chifu, kuchagua foleni kulikuwa kuchagua kama utabaki na banda lako au la.

Tinga laingia Lang'ata

Mfumo wa chama kimoja uliondolewa kwenye katiba Desemba 1991. Raila Odinga, mtoto wa Jaramogi, alirejea mwezi Februari uliofuata kutoka Norway, alikokimbilia baada ya kuwekwa kizuizini mara tatu tangu jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Kila mtu alidhani angetafuta kiti Nyanza. Alichagua Lang'ata.

Ulikuwa uamuzi wa mtu aliyeisoma ramani. Baba yake alikuwa akigombea Bondo, na kiti cha Nairobi kingempa Raila jukwaa la kitaifa. Zaidi ya hayo, Kibera ya 1992 haikuwa tena ile ya Yunis Ali. Wapangaji walikuwa wamewazidi wenye nyumba mara nyingi, wengi wao Wajaluo na Waluhya, wengi wamezaliwa hapohapo, na sasa kura ilikuwa ya siri. Desemba 29, Raila alimshinda Leakey kwa tiketi ya FORD-Kenya. Matokeo hayo yalikuwa ya pekee jijini, kwani kati ya viti vinane vya Nairobi, FORD-Asili ya Kenneth Matiba ilichukua sita na KANU ikaambulia Westlands. Lang'ata tu ndiyo iliyokwenda FORD-Kenya.

Jaramogi alifariki Januari 1994, na FORD-Kenya ikaingia katika vita vya urithi kati ya Raila na Michael Wamalwa Kijana. Raila alishindwa kukitwaa chama, akajiuzulu mwishoni mwa 1996 na kuhamia chama cha NDP. Kwa kufanya hivyo alipoteza kiti papo hapo. Sheria iliyomtaka mbunge anayehama chama arudi kwa wapiga kura wake ilitungwa kwa haraka mwaka 1966, na walengwa walikuwa Jaramogi na wenzake waliounda KPU. Miaka thelathini baadaye sheria iliyotungwa kumkomoa baba ikamwangukia mwana.

Uchaguzi mdogo ulifanyika Machi 1997, na Raila akashinda. Alama ya NDP ilikuwa trekta, na kutokana na trekta hilo akapata jina la Tinga. Ushindi huo ulimthibitishia jambo ambalo wanasiasa wa Kenya walikuwa bado wanalibishania: wapiga kura wa Lang'ata walimfuata yeye, chama kikaja nyuma. Mwezi Desemba mwaka huohuo aligombea urais na kuwa wa tatu nyuma ya Moi na Mwai Kibaki, huku kiti cha Lang'ata kikibaki chake.

Kodi na damu

Mpangilio wa zamani wa wenye nyumba na wapangaji ulilipuka mwishoni mwa 2001. NDP ilikuwa imeanza kushirikiana na KANU, na Raila alikuwa Waziri wa Nishati. Rais Moi alitamka hadharani kwamba kodi za Kibera zilikuwa juu mno na zilistahili kupunguzwa, na Raila akamuunga mkono. Wapangaji wengi waliyachukua maneno hayo kuwa amri, wakakataa kulipa kodi ya zamani. Wenye nyumba, wakiwamo Wanubi wengi, waliona wananyang'anywa riziki na watu wenye dola mkononi. Mapigano yaliyofuata yaliua watu kadhaa, yakachoma nyumba na kuwafanya maelfu wakimbie.

Tukio hilo halimo katika hadithi zinazosimuliwa majukwaani, kwa kuwa halimpendezi yeyote. Wanubi walikuwa kundi lililonyimwa hati tangu enzi za askari wa mkoloni. Hata kitambulisho, kinachomwezesha mtu kujiandikisha kupiga kura, vijana wao walikipata baada ya kuhojiwa na kamati za kuwachuja, jambo ambalo Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto ililiamulia mwaka 2011 kwamba limekiuka haki za watoto wa Kinubi. Lakini mbele ya mpangaji anayelala familia nzima katika chumba kimoja, Mnubi huyohuyo alikuwa ndiye mwenye mali. Mbunge aliyechaguliwa na wapangaji alikuwa na deni kwa wapangaji. Kura ilikuwa imegeuka chombo cha kudai nafuu ya nyumba, na serikali iliyomiliki ardhi haikumpa hati mwenye nyumba wala haki mpangaji.

Mwaka mmoja baadaye mambo yaligeuka tena. NDP ilijiunga na KANU rasmi Machi 2002. Moi alipomteua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake, Raila na wenzake waliondoka. Oktoba 14, katika Uhuru Park, Raila alimuunga mkono Kibaki kugombea urais kwa maneno mawili yaliyobadilisha historia: Kibaki Tosha. Desemba 27 muungano wa NARC ukaiondoa KANU madarakani, na Lang'ata ikamrudisha Raila bungeni kwa tiketi ya muungano huo. Ilikuwa mara ya nne, kwa chama cha tatu.

Ufunguo wa Ikulu

Hakuna mwaka ambao kiti cha Lang'ata kilikuwa na uzito kama 2007. Katiba ya wakati huo ilimtaka rais awe amechaguliwa pia kuwa mbunge. Haikutosha mgombea kuongoza kwa kura nchi nzima na kupata asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Kama angeshindwa katika eneo bunge lake, Ikulu angeisikia redioni. Raila alikuwa mgombea wa ODM dhidi ya Kibaki. Wapinzani wake walielewa kwamba njia fupi ya kumzuia haikupitia mikoani, ilipitia Kibera.

Wafuasi wa Kibaki walimtegemea Stanley Livondo wa PNU. Kampeni zake zilikuwa na fedha na kelele nyingi, na kwa majuma kadhaa kinyang'anyiro cha eneo bunge moja kikafuatiliwa kama fainali ya Kombe la Dunia. Siku ya kura, Desemba 27, Raila alifika katika Shule ya Msingi ya Old Kibera na kukuta jina lake halimo katika daftari. Wapiga kura wengi wa hapo walikumbwa na hali hiyohiyo. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, alilazimika kuingilia kati, na Raila akapiga kura baadaye. Kiti alikipata bila taabu. Urais ndio uliozua balaa.

Kibaki alipotangazwa mshindi jioni ya Desemba 30 na kuapishwa saa ileile, Kibera iliwaka. Soko la Toi liliteketezwa. Vijana waling'oa reli inayokatiza katikati ya mtaa, njia ya mizigo kuelekea magharibi ya Kenya na Uganda. Nchi nzima, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Majirani waliokuwa wakipangishana vyumba walifukuzana kwa kabila, na baadhi ya mitaa ya Kibera ikawa ya kabila moja au mbili kuliko ilivyowahi kuwa. Mapatano ya Februari 28, 2008 yalimfanya Raila kuwa Waziri Mkuu, na mbunge wa Lang'ata akawa nusu ya serikali.

Kwa cheo hicho aliweza kugusa suala la nyumba ambalo wabunge wote waliotangulia walilizunguka. Septemba 2009 alizindua uhamisho wa familia za Soweto Mashariki, sehemu ya Kibera, kwenda katika nyumba 600 za ghorofa zilizojengwa upande wa Lang'ata, ili mabanda yao yabomolewe na kujengwa upya. Wenye mabanda walikwenda mahakamani kupinga mpango huo.

Mpaka mpya

Sensa ya 2009 ilionyesha kwamba eneo bunge la Lang'ata lilikuwa na zaidi ya watu 350,000. Sensa hiyohiyo ilihesabu watu 170,070 katika Kibera, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikitajwa kuwa na milioni nzima. Hata hivyo, Katiba ya 2010 ilipoongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290, wastani wa kitaifa ulikuwa watu 133,138 kwa kila kiti. Lang'ata ilizidi mara mbili na nusu. Ilibidi igawanywe.

Wachora mipaka walifuata mstari uliokuwapo tangu enzi za mkoloni. Upande mmoja waliweka wadi za Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley, wakaupa jina Kibra. Upande wa pili, uliobaki na jina la Lang'ata, waliweka Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise. Kila upande ulipata watu kati ya 176,000 na 179,000. Kwa hesabu, kazi ilikuwa safi. Kisiasa, ndoa ya lazima kati ya Karen na Kibera iliyodumu zaidi ya miaka arobaini ilivunjwa.

Raila hakugombea upande wowote. Katiba mpya iliondoa sharti la rais kuwa mbunge, naye akakabili urais peke yake Machi 2013, akashindwa na Uhuru Kenyatta. ODM ilivitwaa viti vyote viwili: Joash Olum Lang'ata, na Ken Okoth Kibra.

Okoth alikuwa mbunge wa aina mpya. Alizaliwa na kulelewa katika vibanda vya Kibera, akasoma Starehe Boys' Centre kwa ufadhili, kisha vyuo vikuu vya Marekani, akarudi akiwa mwalimu. Fedha za maendeleo ya eneo bunge alizielekeza kwa wingi kwenye madarasa na karo. Alichaguliwa tena 2017, akafariki kwa saratani tarehe 26 Julai 2019 akiwa na umri wa miaka 41.

Uchaguzi mdogo wa Novemba 7, 2019 ulikuwa kipimo cha nguvu kati ya Raila na Naibu wa Rais William Ruto. Ruto alimpigia debe McDonald Mariga wa Jubilee, kiungo wa zamani wa Harambee Stars na Inter Milan. ODM ilimsimamisha Imran Okoth, ndugu ya marehemu. Imran alipata kura 24,636, Mariga 11,230, na Eliud Owalo wa ANC 5,275. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya 118,000, lakini kura za hao watatu zikijumlishwa hazifiki 42,000. Ngome ilisimama, ila wengi wa wakazi wake walibaki nyumbani. Mwaka 2022 ODM ilimpa tiketi mwalimu Peter Orero, naye akashinda.

Lang'ata mpya ilifuata njia nyingine. Bila kura za Kibera, ikawa eneo la mashindano ya kweli. Mwaka 2017 ilimchagua Nixon Korir wa Jubilee. Mwaka 2022 ikamwacha Korir, aliyekuwa amehamia UDA, na kumchukua Phelix Odiwuor wa ODM, mtangazaji na mchekeshaji anayejulikana kama Jalang'o. Mwanzoni mwa 2023 Jalang'o na wabunge wenzake wa ODM walikwenda Ikulu kukutana na Rais Ruto. Chama kikamwita msaliti, na Septemba kikatangaza kumfukuza. Machi 2025 Raila mwenyewe alitia saini mapatano ya kushirikiana na Ruto. Oktoba 15 mwaka huo alifariki nchini India, akazikwa Bondo.

Hukumu ya ramani

Yeyote anayetaka kukielewa kiti hiki asianze na majina ya wabunge. Aanze na nyumba. Wenye nyumba walipotawala Kibera, kiti kilikwenda kwa Mnubi. Kura ilipopigwa chini ya macho ya chifu, kilikaa mikononi mwa KANU. Wapangaji walipopata wingi na kura ya siri kwa pamoja, walimpata Raila, nao hawakumwachia hadi alipoondoka mwenyewe. Mpaka ulipochorwa kati ya mabanda na majumba, mpiga kura wa Karen alipata uhuru wa kubadilisha mbunge kila uchaguzi, na wa Kibra akabaki katika ngome ambamo mchujo wa chama ndio uchaguzi wenyewe, kama ilivyokuwa kwa Lang'ata nzima mwaka 1969.

Mgawanyo wa 2012 ulitenda haki kwa hesabu ya watu, lakini ulikuwa na gharama. Zamani mbunge mmoja alilazimika kumjibu mwenye lango la umeme na mwenye banda la bati, hata kama alimjibu mmoja vizuri kuliko mwingine. Leo kila mmoja wao ana wake, na hakuna anayelazimika kuwaketisha pamoja. Na suala la ardhi, lililokuwapo kabla ya kura zote, limetatuliwa kwa kipande tu: mwaka 2017 Wanubi walipewa hati ya ekari 288, kati ya zaidi ya 4,000 walizokabidhiwa babu zao. Wapangaji wa Kibra hawajapewa yoyote. Hadi watakapoipata, kila mgombea atakayepanda jukwaani pale, wa chama chochote, anapaswa kuulizwa swali moja kabla ya kusikilizwa: ardhi hii ni ya nani?